Walter Plowright: Tabibu wa mifugo aliyeing'oa sotoka akiwa Muguga

WAKULIMA wa Siongiroi, katika eneobunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, wana mambo mengi ya kuwakosesha usingizi. Huogopa ndigana kali inayoletwa na kupe. Huogopa ugonjwa wa miguu na midomo, kiangazi kinapokausha malisho, na bei ya maziwa inapoporomoka baada ya mtu kununua ng'ombe wa gredi kwa mkopo. Katika orodha hiyo ndefu, sotoka haimo.

Kwa eneo kama hilo, jambo hilo si dogo. Chai iliyoipatia Kericho na Bomet sifa hustawi zaidi katika nyanda za juu zenye mvua nyingi. Ukiteremka kuelekea Siongiroi na mpaka wa Narok, ng'ombe ndiye benki. Ndiye karo ya shule na ndiye mahari, na maziwa yake, yanayokusanywa katika kiwanda cha kupozea ambacho wakulima wana hisa, ndiyo mshahara wa mwezi. Ng'ombe huyo, hasa mwenye damu ya Friesian au Ayrshire, angekuwa miongoni mwa wa kwanza kuangamia iwapo sotoka ingekuwa bado inatembea.

Haitembei tena kwa sababu ya kazi ya watu wengi, lakini mmoja wao anastahili kutajwa mbele ya wengine. Ni Walter Plowright, mtafiti Mwingereza aliyetumia miaka yake bora katika maabara ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na aliyefariki Februari 2010. Wafugaji wengi walionufaika na kazi yake hawajawahi kulisikia jina lake. Ndiyo ada ya chanjo nzuri: ikifaulu, watu husahau walikuwa wakiogopa nini.

Plowright alizaliwa Julai 20, 1923, katika mji mdogo wa Holbeach, jimbo la Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, eneo tambarare la mashamba. Alisoma katika shule za Moulton na Spalding, kisha akajiunga na Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo jijini London, ambako alihitimu mwaka 1944 wakati Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni. Kati ya 1945 na 1948 alitumika katika kikosi cha jeshi cha matabibu wa wanyama. Mwaka 1950 aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni akaletwa Kenya. Katika miaka hiyo ya 1950 alifanya kazi pia nchini Nigeria kabla ya kurejea Afrika Mashariki.

Aliukuta ugonjwa ambao wazee walikuwa bado wakiuzungumzia kwa kunong'ona. Sotoka, ambayo Wamaasai waliiita olodua, iliingia katika Pembe ya Afrika mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia katika eneo ambalo sasa ni Eritrea. Bara hili halikuwa na kinga. Katika muda usiozidi miaka 10 ugonjwa ulikuwa umevuka Ethiopia, Kenya, Tanganyika na nchi za kati hadi kufika kusini mwa Afrika, ukiwaua ng'ombe kati ya 8 na 9 katika kila 10 mahali pengi ulikopita. Nyati, pofu na tandala walikufa pamoja nao. Wamaasai waliupa msiba huo wa miaka ya 1890 jina la Emutai, maana yake maangamizi, kwa kuwa pamoja na sotoka zilikuja ndui na njaa. Wazungu walipoanza kugawana ardhi ya Bonde la Ufa miaka michache baadaye, walikuta nyika nyingi zikiwa tupu na kudhani, au kujifanya kudhani, kwamba hazikuwa na wenyewe.

Dalili za ugonjwa wenyewe hazikusahaulika kwa aliyewahi kuziona. Ng'ombe hupandwa na homa kali, machozi na makamasi humtiririka, vidonda hujaa mdomoni, kisha huanza kuhara hadi maji yote ya mwili yakatoka. Wengi hawakumaliza wiki mbili. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa karantini, na maeneo ya wafugaji Waafrika yalifungwa mara kwa mara wasiweze kuuza mifugo nje. Hivyo mfugaji aliyenusurika na ugonjwa alibanwa na dawa ya serikali.

Si kwamba hapakuwa na chanjo. Huko India, katika miaka ya 1920, J. T. Edwards alikuwa amekipitisha kirusi cha sotoka katika miili ya mbuzi, mmoja baada ya mwingine, hadi kikapungua ukali. Maabara ya Kabete ilitengeneza chanjo yake ya namna hiyo kwa mbuzi. Mjapani Junji Nakamura naye alitumia sungura. Chanjo hizo ziliokoa mifugo mingi, lakini zilikuwa na kasoro moja kubwa, na kasoro hiyo ilihusu nasaba ya ng'ombe.

Ng'ombe wote si sawa mbele ya sotoka. Zebu wenye nundu, ambao mababu zao waliishi na ugonjwa huo kwa vizazi vingi, huustahimili kwa kiasi fulani. Wale wa Ankole, wenye pembe ndefu, huanguka upesi. Ng'ombe wa Ulaya, ambao ndio chimbuko la ng'ombe wa maziwa wa Kenya ya leo, nao ni wanyonge. Tofauti hiyo imo katika urithi wa damu, haitokani na lishe wala utunzaji. Kwa hiyo chanjo ya mbuzi iliyomfaa zebu wa Kipsigis iliweza kumlaza Friesian kwa homa kali, na wakati mwingine kumuua. Daktari wa mifugo alilazimika kuuliza kwanza ni ng'ombe wa mbegu gani kabla ya kuvuta dawa katika sindano. Katika kampeni ya kuchanja mamilioni ya mifugo, nyingi ikiwa machotara wasiojulikana asili yao, swali hilo halijibiki.

Hapo ndipo Plowright alipoweka nguvu zake. Alitaka chanjo moja isiyobagua mbegu.

Njia ilikuwa imefunguliwa Marekani mwaka 1949, John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins walipoonyesha kwamba virusi vya polio vinaweza kukuzwa katika seli zilizooteshwa ndani ya chupa, nje ya mwili wa kiumbe. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954. Mwaka huo huo Enders alifaulu kukuza kirusi cha surua, ambacho ni ndugu wa karibu sana wa kile cha sotoka. Plowright, akiwa katika Shirika la Utafiti wa Mifugo la Afrika Mashariki huko Muguga, aliamua kuijaribu mbinu hiyo kwa ng'ombe. Msaidizi wake mkuu katika kazi hiyo alikuwa R. D. Ferris, ambaye jina lake limeandikwa pamoja na lake katika ripoti nyingi za utafiti huo.

Kazi yenyewe ilihitaji subira kuliko kitu kingine. Walichukua figo za ndama, wakazikatakata na kuzitenganisha seli zake kwa kimeng'enya, kisha wakaziotesha juu ya kioo katika maji yenye lishe. Seli zilipotanda kama utando mwembamba, walizitia kirusi. Katika siku chache seli ziliungana na kuwa majitu yenye viini vingi, kisha zikafa, na maji yake yakawa yamejaa virusi vipya. Sehemu ya maji hayo ilihamishiwa katika chupa nyingine yenye seli mpya. Halafu nyingine. Na nyingine tena. Mtu aliyeipenda sifa ya haraka asingedumu katika kazi hiyo hata mwaka mmoja.

Kirusi walichokitumia kilikuwa cha nyumbani. Kilitengwa kutoka kwa ng'ombe wa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, katika zama za kuanzishwa kwa maabara ya Kabete, na kikahifadhiwa huko kwa miongo kadhaa kwa kuhamishwa kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Kilijulikana kama Kabete O, na kilikuwa muuaji. Baada ya kupitishwa katika seli za figo mara kama 90, kilikuwa kimesahau kuua. Ng'ombe aliyechanjwa hakuugua, hakumwambukiza mwenzake wa zizini, na alipopewa sotoka halisi baadaye hakutikisika.

Matokeo yalianza kuchapishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1962 Plowright na Ferris walieleza jinsi kirusi hicho kilivyoweza kutumika kama chanjo. Ilimfaa zebu, ilimfaa Ankole, ilimfaa Friesian wa mlowezi na chotara wa jirani yake Mwafrika. Ilimfaa ng'ombe mwenye mimba. Sindano moja ilitosha maisha yote, jambo ambalo Plowright alilithibitisha kwa kuwatunza ng'ombe waliochanjwa kwa miaka mingi mahali pasipo na sotoka na kuwajaribu baadaye. Gharama yake ilikuwa ndogo sana, kwani figo moja ya ndama ilitoa seli za kutengenezea dozi nyingi mno.

Nini hasa kilibadilika ndani ya kirusi? Plowright hakuwa na vyombo vya kujibu swali hilo; sayansi ya kusoma jeni ilikuwa bado haijazaliwa. Jibu lilikuja mwaka 1996, wanasayansi wa Uingereza waliposoma jeni zote za Kabete O na kuzilinganisha na zile za chanjo. Katika herufi karibu 15,900 zinazounda ujumbe wa urithi wa kirusi hicho, ni 87 tu zilizokuwa tofauti. Tofauti isiyofika hata moja kwa mia ndiyo iliyotenganisha maangamizi ya zizi zima na kinga ya maisha. Plowright aliyapata mabadiliko hayo bila kuyaona, kwa kuhesabu chupa na kuchunguza ng'ombe.

Kuna tatizo lililomsumbua zaidi kuliko wengi wanavyofikiri, nalo ni la ndama. Ndama wa ng'ombe mwenye kinga hunywa kinga hiyo katika maziwa ya kwanza ya mama yake. Kinga hiyo humlinda kwa miezi kadhaa, lakini pia huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Mchanje mapema, umepoteza dozi. Mchelewe, sotoka imemkuta. Ndiyo maana kampeni za chanjo zililazimika kurudi katika zizi lile lile mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana wafugaji wengine walinung'unika kwamba serikali inachanja ng'ombe waliokwisha kuchanjwa. Manung'uniko hayo yalikuwa na mantiki. Aliyekuwa akitafutwa hasa alikuwa ndama wa mwaka uliopita.

Sotoka haikuwa kazi yake pekee. Kwa muda mrefu Wamaasai wa Kenya na Tanganyika walikuwa wakiondoa ng'ombe wao katika malisho mazuri kila nyumbu walipozaa, wakisema ndama wa nyumbu huwaletea ng'ombe ugonjwa unaopofusha macho na kuua. Maofisa wengi waliuchukulia usemi huo kama imani za wachungaji. Mwaka 1960, Plowright, Ferris na Gordon Scott walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamekitenga kirusi cha ugonjwa huo kutoka kwa nyumbu wenyewe, ambao hukibeba bila kuugua. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba ndama wa nyumbu hukimwaga kirusi hicho kwa wingi katika miezi yao ya kwanza. Wachungaji walikuwa sahihi tangu mwanzo. Ingefaa kukumbukwa kwamba maabara ilifika pale walipokuwa wamesimama wao miaka mingi kabla.

Chanjo ya ugonjwa huo Plowright hakuipata, ingawa alijaribu. Hata hivyo kirusi kimoja alichokitenga kutoka kwa ng'ombe katika miaka ya 1970 kilitumiwa na wengine miongo kadhaa baadaye katika majaribio ya chanjo nchini Tanzania na Kenya. Kwa wafugaji wanaopakana na Mara, habari hiyo bado ina uzito.

Mwaka 1964 alirudi Uingereza katika taasisi ya utafiti wa virusi vya wanyama ya Pirbright, lakini Muguga ilimwita tena na akakaa huko kuanzia 1966 hadi 1971. Katika kipindi hicho aliigeukia homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao ulielezwa kwa mara ya kwanza duniani kutokana na nguruwe wa walowezi wa Kenya, katika ripoti ya R. E. Montgomery ya mwaka 1921. Ilijulikana kwamba ngiri hubeba kirusi chake. Haikueleweka vizuri jinsi kirusi kinavyodumu porini, kwa kuwa ngiri mkubwa si mwambukizaji hodari. Mwaka 1969 Plowright na wenzake waliripoti kwamba wamekipata kirusi hicho katika papasi waliochimbuliwa kutoka mashimo ya ngiri nchini Tanzania. Papasi hao wa udongoni, ambao wenyeji wengi wa nyumba za udongo wanawajua kwa kuumwa nao usiku, hukitunza kirusi muda mrefu na kukirithisha katika mayai yao. Ugonjwa huo ulipovuka Ulaya ya mashariki na kuingia China mwaka 2018, ukisababisha hasara ya mamilioni ya nguruwe, watafiti walirejea ripoti hizo za Muguga.

Pamoja na B. McCulloch, alichunguza pia damu ya wanyamapori wa kaskazini mwa Tanganyika na kusini mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zama hizo walikuwapo walioamini kwamba sotoka haitaisha maadamu wanyamapori wapo, na kwamba njia ya kumwokoa ng'ombe ni kuwapunguza kwa bunduki. Damu ilisema vingine. Ng'ombe waliozunguka Serengeti walipochanjwa, nyumbu waliozaliwa baada ya hapo hawakuonyesha tena dalili ya kuambukizwa. Nyumbu hakuwa ghala la ugonjwa. Alikuwa akiupokea kutoka kwa ng'ombe. Idadi ya nyumbu wa Serengeti, iliyokuwa kama 250,000 mwaka 1961, ilipita milioni moja katika miaka ya 1970. Msafara wa nyumbu unaovuka Mto Mara, ambao watalii hulipa fedha nyingi kuutazama, umekuwa mkubwa hivyo kwa sehemu kubwa kwa sababu ng'ombe wa wafugaji walidungwa sindano.

Sindano hizo hazikudungwa na Plowright. Mwaka 1962 nchi za Afrika zilianza mpango uliojulikana kama Mradi wa Pamoja nambari 15, ambao hadi ulipomalizika mwaka 1976 ulikuwa umefika katika nchi zaidi ya 20. Chanjo iliyokaushwa ilisafirishwa katika barafu, ikachanganywa na maji ya chumvi chini ya mti, na ikabidi iishe ndani ya saa chache kabla joto halijaiua. Wachanjaji walilala porini, walitembea siku nzima kumfuata mfugaji aliyehama, walipigwa mateke katika vibanio, na kutoboa masikio ya ng'ombe kama alama kwamba wamechanjwa. Karibu wote walikuwa Waafrika. Majina yao hayamo katika majarida ya sayansi, wala ya wale waliosafisha chupa na kuchunga ng'ombe wa majaribio huko Muguga. Hiyo ni dosari ya zama zile, na sifa za Plowright hazipungui kwa kuitaja.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 sotoka ilikuwa imebanwa katika vichaka vichache, mpakani mwa Mali na Mauritania, na Ethiopia na Sudan. Serikali zikadhani kazi imekwisha. Fedha za chanjo zikaelekezwa kwingine, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiiendesha Muguga kwa niaba ya nchi tatu, ikavunjika. Chanjo ilikuwapo, tena bora kuliko zote. Wa kuipeleka hawakuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ulizuka upya, ukaikumba Nigeria na nchi jirani kwa kishindo, na mwaka 1982 ukaonekana tena kwa nyati wa Serengeti. Yaliyojengwa kwa miaka 14 yalibomoka katika muda mfupi.

Plowright wakati huo alikuwa Uingereza. Kuanzia 1971 hadi 1978 alikuwa profesa katika chuo alichosomea London, kisha akaongoza idara ya mikrobiolojia katika taasisi ya utafiti wa magonjwa ya wanyama ya Compton hadi alipostaafu mwaka 1983. Alikuwa amepewa nishani na Malkia mwaka 1974, na mwaka 1981 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kuliko zote kwa mwanasayansi wa nchi hiyo. Mwaka 1984 alipata tuzo ya maendeleo ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji.

Afrika ilianza tena mwaka 1986, kwa kampeni ya bara zima iliyotegemea chanjo ile ile. Safari hii udhaifu wake mmoja mkubwa, kushindwa kuvumilia joto, ulipata dawa. Mmarekani Jeffrey Mariner na wenzake waliboresha namna ya kuikausha, ikaweza kukaa karibu mwezi mmoja bila jokofu. Sasa mfugaji aliyepewa mafunzo aliweza kuibeba katika mkoba wake na kuwafikia ng'ombe wa Karamoja, kusini mwa Sudan na nyanda za Afar, ambako gari la serikali halikufika na pengine lisingethubutu.

Kenya ndiyo iliyotoa sura ya mwisho, na ilikuwa ya kutisha. Kuanzia mwaka 1994 nyati na tandala wa Tsavo walikufa kwa wingi. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba kirusi kilikuwa cha ukoo ambao haukuwa umeonekana kwa takriban miaka 30. Kilikuwa kimejificha katika ng'ombe wa wahamaji kwa sura ya upole, kikiwapa homa ndogo isiyotiliwa shaka, huku kikiwaua wanyamapori. Msako wa kirusi hicho uliendelea katika Kenya na Somalia kwa miaka kadhaa. Kisa cha mwisho cha sotoka kuthibitishwa duniani kilikuwa cha nyati wa Hifadhi ya Meru, mwaka 2001.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1999, Plowright alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani, iliyoanzishwa na Norman Borlaug, baba wa mapinduzi ya kijani. Wengi waliopata tuzo hiyo ni watu wa ngano, mpunga na mahindi. Yeye alipewa kwa ajili ya ng'ombe: maziwa yaliyonywewa, nyama iliyoliwa, na mashamba yaliyolimwa kwa maksai ambao wangekuwa wamekufa.

Alifariki Februari 2010 akiwa na umri wa miaka 86. Oktoba mwaka huo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kusitisha shughuli zake za kuisaka sotoka nyanjani. Mei 25, 2011 shirika la kimataifa la afya ya wanyama lenye makao yake Paris likatangaza kwamba ugonjwa huo haupo tena duniani. Ulikuwa wa pili katika historia kutokomezwa na binadamu baada ya ndui, na wa kwanza wa wanyama. Tangazo hilo lilimkosa kwa miezi 15.

Kutoweka huko kumeleta hali ambayo haikuwapo tangu 1887. Kwa kuwa chanjo ilisitishwa, hakuna ng'ombe wa Siongiroi, wala wa mahali pengine popote, aliye na kinga dhidi ya sotoka. Kirusi kilichobaki duniani ni kile kilichogandishwa katika maabara. Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana kwamba akiba hizo ziharibiwe au zikusanywe katika vituo vichache vinavyolindwa. Pirbright, mwajiri wa zamani wa Plowright, ilisoma na kuhifadhi jeni za kila kirusi cha sotoka ilichokuwa nacho, kisha mwaka 2019 ikaviteketeza vyote. Nchi kadhaa za Afrika zimehamishia zao katika kituo cha chanjo za mifugo cha Umoja wa Afrika kilichoko Debre Zeit, Ethiopia. Huko huko ndiko inakotunzwa, kwa ajili ya dharura, akiba ya chanjo inayotokana na Kabete O, kirusi kile kile kilichopitishwa chupa baada ya chupa huko Muguga.